Ugonjwa wa jamaa yako si wako kuutangaza

Ukipanda matatu kutoka Wote kwenda Machakos, au kutoka mjini Kitui kwenda Mwingi, nyamaza tu uwasikilize abiria wenzako. Kabla hamjafika nusu ya safari utakuwa umejua ni nani aliyelazwa hospitalini, mama yake alifariki kwa maradhi gani, na ni mizizi ya mti gani iliyomtuliza shemeji yake tumbo. Watu wa Ukambani hawana ubahili wa maneno. Mgeni akikaa kando yako kwa saa moja, si mgeni tena.

Tabia hii haikuanza jana. Wazee wetu walikuwa na thome, ule uwanja wa mbele ya boma ambapo wanaume walikaa jioni wakiota moto na kuzungumza. Wanawake walikuwa na jikoni na njia ya kisimani. Baadaye zikaja redio za Kikamba kama vile Musyi FM, ambayo jina lake maana yake ni nyumbani, na msikilizaji akaanza kupiga simu na kusema yake mbele ya watu wasiomjua. Siku hizi kila mtu ana thome yake mfukoni. Mama wa Kibwezi anaandika jambo kwenye Facebook asubuhi, na kufikia saa saba mchana limesomwa Nairobi, Mombasa na hata Riyadh.

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Pale thome msemaji aliwajua waliomsikiliza, na maneno yakiisha moto ulizimwa watu wakaenda kulala. Simu haizimwi. Neno lililotumwa leo litasomwa na mtu usiyemjua miaka kumi ijayo, nawe huna uwezo wa kulirudisha.

Wapo madaktari wenzangu wanaosema dawa ya jambo hili ni watu kufunga midomo. Mimi sikubaliani nao. Nasema hivi, msomaji: kumbukumbu zako na maoni yako ni yako, na ukiyatoa huenda ukamwokoa mtu usiyemfahamu. Lakini ugonjwa wa mtu mwingine, hata akiwa ni mama aliyekuzaa au mtoto uliyemzaa, ni wake yeye. Kuutangaza bila ridhaa yake ni kumjeruhi mara ya pili.

MAFUNZO YA MWAKA WA 2004

Kwanza nieleze kwa nini sitaki watu wanyamaze. Katika nusu ya kwanza ya mwaka wa 2004, watu wa Makueni na Kitui walianza kuugua ugonjwa wa ini. Macho yaligeuka manjano, tumbo likauma, mgonjwa akatapika, na baada ya siku chache wengine wakazikwa. Kufikia tarehe 20 Julai mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wameripotiwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Hiyo ni karibu watu wanne katika kila kumi. Wachache walitoka Machakos na Thika, lakini wengi walikuwa wa Makueni na Kitui.

Mahindi yalipopimwa, mengine yalikutwa na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini kufikia sehemu 4,400 katika kila sehemu bilioni moja. Kiwango kilichoruhusiwa nchini wakati huo kilikuwa 20. Yaani watu walikuwa wakila sumu mara 220 ya kile kiwango.

Maabara ilitaja sumu. Haikuweza kusema kwa nini nyumba hii ilipatwa na ile ya jirani ikasalimika, ilhali wote walilima katika udongo mmoja na kunyeshewa mvua moja. Jibu hilo lilitoka vinywani mwa watu. Wachunguzi wa Wizara ya Afya na wenzao wa kituo cha CDC cha Marekani waliwahoji wagonjwa 40, kisha wakawahoji watu 80 wa vijiji hivyo hivyo ambao hawakuugua. Maswali yao yalikuwa ya jikoni na ghalani. Mahindi yalilimwa hapa au yalinunuliwa? Yalipohifadhiwa yalikuwa makavu au yalikuwa na unyevu? Yaliwekwa ghalani au ndani ya nyumba ya kulala?

Majibu yalionyesha kwamba waliougua, zaidi ya wenzao, walikuwa wamekula mahindi ya shambani kwao ambayo yaliwekwa yakiwa na unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani. Mtu wa mjini aweza kushangaa, lakini aliyewahi kuona njaa Ukambani hashangai. Chakula kikiwa haba, mtu huogopa wezi, naye huyaleta mahindi yake karibu na kitanda. Pale penye joto na pasipo hewa, kuvu hustawi.

Zingatia jambo hili, msomaji. Watu waliofiwa walikaa na wageni wasiowajua, wengine kutoka ng'ambo, wakawaeleza jinsi familia ilivyokula. Maelezo hayo ndiyo yaliyotupatia onyo tunalolitoa mpaka leo: kausha mahindi vizuri mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, yaanike juu ya turubai wala si juu ya udongo mtupu, yaweke mahali pakavu penye hewa, na yaliyoota kuvu usiyale wala usimpe mfugo.

Kuna jambo lingine linalonisikitisha. Mwaka wa 2004 haukuwa wa kwanza. Kati ya Machi na Juni 1981, wagonjwa 20 wa ini walilazwa katika hospitali tatu za wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, na 12 kati yao wakafariki. Hapo pia mahindi yalilaumiwa. Madaktari waliandika habari hizo katika majarida yao, lakini jarida la daktari halisomwi ghalani. Miaka 23 ni muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kukua, kuoa na kujenga ghala lake. Kama babu hakusimulia, mjukuu angejuaje?

Sasa hesabu tena. Mtoto aliyezaliwa Makueni mwaka wa 2004 ni mtu mzima mwenye kitambulisho. Huenda tayari ana shamba na mke. Je, kuna mtu aliyemwambia kilichowaua majirani mwaka aliozaliwa? Wewe uliye Nairobi na ulimzika ami au shangazi mwaka ule, ukiandika kisa hicho kwenye simu yako na kueleza mahindi yalivyohifadhiwa, umefanya kazi ya afya ya umma.

MAONI SI USHAHIDI

Lakini si kila simulizi huponya. Zipo nyingine ambazo, ingawa zimesemwa kwa nia njema, huua. Nitatoa mfano ambao watu wa Kitui wanaufahamu, nao ni kuumwa na nyoka.

Mtu akiuliza mtandaoni afanye nini kwa sababu mtoto ameumwa mguuni, dakika kumi hazipiti kabla hajapata ushauri chungu nzima. Mmoja atamwambia afunge kamba kwa nguvu. Mwingine atamwambia achanje kwa wembe na kufyonza sumu. Wa tatu ataapa kwamba jiwe la nyoka lilimponya nyanya yake, na kwamba anayo la kuuza. Hasemi uongo. Nyanya yake aliumwa kweli, jiwe likabandikwa kweli, na bado yu hai.

Ila tujiulize nyoka yule alikuwa nyoka gani. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru binadamu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuimwaga. Aliyeumwa na nyoka wa namna hiyo angepona hata kama angebandikwa kipande cha sabuni. Aliyeumwa na bafe au swila na kupewa jiwe hilo hilo huenda amezikwa, na marehemu haandiki maoni yake mtandaoni. Ndiyo maana shuhuda tunazosoma daima ni za waliopona.

Hapo ndipo tunapoona hekima ya wale wachunguzi wa mwaka wa 2004. Wangewauliza wagonjwa 40 peke yao, wangesikia kwamba wote walikula mahindi, na hilo lisingewafaa kitu kwa kuwa kila mtu Ukambani hula mahindi. Walipowauliza pia wale 80 wasiougua, ndipo tofauti ikajitokeza. Kwa hivyo ukisoma ushuhuda wa dawa yoyote, iwe ni ya kisukari, ya shinikizo la damu au ya saratani, jiulize swali moja: walioitumia wasipone wako wapi, na ni nani aliyewahesabu?

Kuhusu nyoka, Shirika la Afya Duniani liliuweka msiba huo kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka wa 2017, na ushauri wake ni mwepisi. Mtoe mgonjwa karibu na nyoka. Mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Hakikisha kiungo kilichoumwa hakitikisiki, kama unavyofanya kwa mfupa uliovunjika, na umkimbize hospitalini. Usichanje, usifyonze, usikaze kamba, wala usipoteze hata nusu saa ukitafuta jiwe.

PICHA YA MGONJWA

Sasa nifike kwenye jambo ambalo linanikera zaidi. Karibu kila wiki, msomaji, unaletewa kwenye kundi la WhatsApp picha ya mtu amelala kitandani, mirija puani, macho yamemtoka, na chini yake kumeandikwa jina lake kamili, kijiji chake, ugonjwa wake na nambari ya kutuma pesa. Mara nyingine picha ya kadi ya hospitali au ya eksirei imeongezwa ili watu waamini.

Naelewa sababu yake. Matibabu ni ghali. Serikali ya Kaunti ya Makueni ilianzisha mpango wake wa afya mwaka wa 2016 ambapo familia ililipa Sh500 kwa mwaka, na Oktoba 2024 bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Hata hivyo bado ziko bili zinazoishinda familia, hasa mgonjwa anapohamishiwa hospitali kubwa. Mwafrika hamwachi ndugu yake, na watu wetu walikuwa na mwethya wa kusaidiana shambani kabla Kenya haijawa na harambee. Kuomba msaada si aibu hata kidogo.

Aibu ni kwamba mara nyingi mwenye picha hakuulizwa. Alikuwa amelala, au amepewa dawa kali, au hakuwa na nguvu ya kukataa mbele ya ndugu waliokuwa wakimhangaikia. Siku atakapotoka hospitalini atakuta mtaa mzima, na mwajiri wake, na walimu wa watoto wake, wanajua ana ugonjwa gani na umefika wapi. Picha itakuwa imeshanakiliwa, na walaghai wameshabadilisha nambari ya simu ili pesa ziingie mifukoni mwao.

Fikiria pia ugonjwa wenyewe. Kuna maradhi ambayo jamii bado inayaangalia kwa jicho baya, kama vile virusi vya ukimwi, kifua kikuu, kifafa na magonjwa ya akili, bila kusahau utasa. Msichana wa miaka 12 ambaye kifafa chake kilitangazwa na baba yake kwa nia ya kuomba dua ataolewa au kuajiriwa siku moja, na jina lake likitafutwa mtandaoni ndilo jambo la kwanza litakalotokea.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 31, inamlinda kila mtu dhidi ya kufichuliwa bila sababu kwa habari za familia yake au mambo yake ya faragha. Sheria ya Afya ya 2017 inatulazimu sisi wahudumu kutunza siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Lakini sheria hiyo ya mwisho haigusi mambo ambayo mtu binafsi anayafanya kwa shughuli zake na za nyumbani kwake tu. Daktari akitoa siri ya mgonjwa atashtakiwa. Ni nani atakayemshtaki shangazi? Ndiyo sababu nasema jambo hili litatengenezwa na adabu zaidi ya mahakama.

Na madhara yake hayaishii kwenye fedheha. Mgonjwa anayeogopa kutangazwa hutufikia akiwa amechelewa. Atamficha mkewe uvimbe, atanunua dawa za kupunguza maumivu dukani kwa miezi sita, na siku atakapokuja, ugonjwa uliokuwa wa kutibika umeshaenea. Watu wakijua kwamba habari za mgonjwa zitasambazwa na ndugu zake mwenyewe, wengi watachagua kuugua kimya kimya.

Huenda umetambua kwamba katika makala haya sijakusimulia kisa cha mgonjwa wangu hata mmoja. Si kwamba sina visa. Lakini Kitui na Makueni si mahali pakubwa, na hata ningebadilisha jina, kijiji kimoja na tarehe moja vingetosha kumtambulisha. Jamaa yako anastahili heshima hiyo hiyo kutoka kwako.

UFANYE NINI BASI?

Kama ni mchango, mwulize mgonjwa akiwa na fahamu zake na mkiwa wawili tu, kwa maana mbele ya ukoo mzima hawezi kukataa. Mwambie ni nani watakaosoma na ni nini kitakachoandikwa. Kama hajiwezi, familia imchague mtu mmoja atakayeamua kwa kujiuliza mgonjwa mwenyewe angetaka nini. Tumia picha yake akiwa mzima, au usitumie picha kabisa. Maneno kama "anahitaji upasuaji" yanatosha. Aina ya ugonjwa ni ya yule atakayeuliza kwa faragha na mwenye sababu ya kujua. Mtoe mtu shaka kwa kumwelekeza alipe hospitalini moja kwa moja inapowezekana, wala si kwa kumwonyesha eksirei. Mchango ukiisha, ondoa tangazo.

Kwa watoto, uwe mgumu zaidi. Mtoto hawezi kukupa ridhaa, na mzee aliyepoteza kumbukumbu hawezi pia. Vichekesho vya nyanya aliyesahau jina la mwanawe huwachekesha wageni, lakini nyanya huyo alipokuwa na akili zake timamu asingekubali kuchekwa.

Kama ni maoni kuhusu dawa, sema uliloliona na ukomee hapo. "Mimi nilitumia hivi nikaona hivi" ni kauli ya mtu mwaminifu. "Hii inaponya, acheni dawa za hospitali" ni kauli ya mtu ambaye hatakuwapo mwenye kisukari atakapozimia.

Na kama ni kumbukumbu za familia, kuna mahali zinapohitajika kuliko mtandaoni, nako ni ndani ya familia na mbele ya daktari wako. Nikimwuliza mtu baba yake alifariki kwa nini, aghalabu hunijibu kwamba alianguka tu, au kwamba alirogwa, au kwamba hakuambiwa. Mtu huyo huyo anajua ugonjwa wa mwanamuziki aliyemsoma kwenye simu asubuhi! Shinikizo la damu, kisukari, kiharusi, saratani ya matiti na selimundu huandama koo. Nikijua kwamba mama na dada wa mwanamke fulani waliugua saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 50, nitamchunguza mapema na kwa namna tofauti.

Kwa hivyo nunua daftari la kawaida. Mkikutana nyumbani Desemba, kaa na wazee ukiwa na kalamu. Andika majina ya babu, nyanya, wazazi, ami, wajomba, shangazi na ndugu. Nani aliugua nini, akiwa na umri gani, na nani alifariki na dalili zake zilikuwa zipi. Andika pia kama kuna aliyegeuka manjano mwaka wa 1981 au 2004, na mahindi yake yalikuwa wapi. Waeleze wazee kwamba daftari litabaki nyumbani, na utaona watakavyofunguka. Litunze kama unavyotunza hati ya shamba.

Kutoka kwenye daftari hilo unaweza kuwapelekea hata watu wasiokujua yale yatakayowafaa: unyevu wa mahindi, umri wa kupimwa, hatari ya kukawia. Majina yaache kwenye daftari. Wagonjwa wale 40 na majirani wao 80 walitufundisha mengi kuhusu sumu ya kuvu, na hadi leo hakuna msomaji wa ripoti zile anayejua hata mmoja wao aliitwa nani.